Makasha ya Sultani Darweshi

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na Sultani akiitwa Darweshi, mnene wa tumbo na wa maneno. Dhahabu ya nchi aliiweka katika makasha yenye makufuli makubwa, hata panya wa jumba walikwisha kata tamaa. Basi siku moja akapiga mbiu kwamba kila mwanamke atoe dhahabu yake, iongezwe katika hazina. Watu wakanung'unika, wakasema, "Kwanza tuonyeshwe hiyo ya zamani. Hata kasha la bibi harusi hufunguliwa, watu wakaona."

Ikawa mjini mna maskini mmoja, jina lake Chande, mtu wa masihara, asiye na kitu ila mkewe, Bi Mwanakombo. Naye Bi Mwanakombo hakuwa na kitu ila kipini cha dhahabu puani, alichoachiwa na marehemu mamake. Alipoisikia mbiu alilia sana, akamwambia mumewe, "Chande, kipini hiki kikitoka, na pua itoke nacho."

Sultani akamwita Chande, kwa kuwa alimdhani mpumbavu, akamwambia, "Nimekufanya mkaguzi wa hazina. Kesho utawatangazia watu kuwa dhahabu yote imo. Lakini ole wako ufungue kasha, au hata ulitikise! Kulishuku neno langu ni utovu wa adabu, na adhabu yake waijua."

"Naijua, seyyidi yangu, na shingo yangu yaijua zaidi," akajibu Chande.

Kesho yake, mbele ya watu wote, Chande akayazunguka makasha, akayanusa, akayaamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akatangaza, "Nimekagua. Imo yote!" Watu wakamzomea, na Bi Mwanakombo akajifunika uso kwa aibu. Sultani akafurahi mno, akasema, "Huo ndio ukaguzi!"

Basi siku ya kutoa dhahabu ikafika, Chande akaja barazani na wachukuzi wamebeba kasha lililofungwa. Akasema, "Seyyidi yangu, hii ni dhahabu ya wanawake wote wa mji. Nimeikagua mwenyewe. Imo yote."

"Fungua tuone," akasema Sultani.

"Fungua? Mkaguzi si yuleyule, na ukaguzi si uleule? Au ule uliokutosha juzi leo umechacha?"

Sultani hasira zikampanda, akaamuru kasha livunjwe. Yakamwagika makumbi ya nazi. Akapiga kelele, "Mwongo mkubwa! Ukaguzi wako haufai hata kidogo!"

Chande akawageukia watu. "Mmemsikia wenyewe. Ukaguzi wangu haufai. Basi na ule wa juzi haufai, na makasha yale nayo yafunguliwe."

Watu wakapaaza sauti, hata kadhi akaona hana budi, akaomba funguo. Makasha yakafunguliwa yote, na ndani hamkuwa na dhahabu hata chembe, ila vumbi na makubadhi makuukuu ya Sultani. Dhahabu ilikwisha zamani kwa karamu na manukato.

Mbiu ikafutwa siku ileile, na watu wakaamua kwamba tangu hapo makasha yakae wazi, kila apitaye achungulie. Wa kwanza kuja akawa Bi Mwanakombo, na Sultani ameketi kando, kichwa chini. Akachomoa kipini chake, akakitia kashani, akasema, "Haya, mume wangu, tangaza."

"Imo yote!" akanadi Chande.

Kisha Bi Mwanakombo akakitoa kipini chake, akakivaa, wakaenda zao kula.