Mgeni Rasmi Aliyefiwa

Ndugu zangu, leo nataka tumwangalie bwana mmoja aliyesimamia mfuko wa misaada huko mjini. Kazi yake ilikuwa kupanga kijiji gani kisaidiwe, kwa mradi upi, na lini. Aliifanya kwa moyo. Lakini kila alikokwenda alikuwa mgeni rasmi. Anawekewa kiti chenye kitambaa, peke yake mbele, anaimbiwa, anatengewa chakula chake pembeni, kisha anapanda gari na kuondoka.

Mwaka mmoja mkewe akafariki. Walikuja majirani wachache na wenzake wa ofisini, matanga yakaondolewa, kila mtu akarudi kwake. Nyumbani ikabaki sauti ya redio tu. Bwana yule akakaa sebuleni akiwaza: vijiji vyote nilivyovisaidia, na hakuna hata mtu mmoja huko wa kumpigia simu.

Kazi haikumngoja. Akasafiri hadi kijiji kimoja cha wakulima wa alizeti. Mfuko ulikuwa umewapa mashine ya kukamua mafuta, na sasa alikwenda kuwatangazia ya pili. Akina mama wakaimba, wakampeleka kwenye kiti chake. Aliposimama kuhutubia, machozi yakamtoka mbele ya watu.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, akamsogelea. "Baba, unaumwa?"

"Nimefiwa na mke wangu, mama. Mwezi uliopita."

"Na sisi hukutuambia?"

"Ningewaambia mimi kama nani kwenu?"

 Yule mama akawanyamazisha waimbaji, akaagiza mikeka itandikwe, akamshika mkono na kumkalisha chini katikati yao. Wakamlilia mwanamke wasiyemjua. Wakauliza jina lake, aliugua nini, alipenda kupika nini. Uji ukaletwa, akanywa pamoja nao. Tangu msiba uingie nyumbani kwake, hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo.

Ndipo mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, "Baba, kwa kuwa umekaa, acha tukwambie. Ile mashine imetugawa. Iko uani kwa mtu, anamkamulia anayemtaka. Nusu ya kijiji hatusalimiani. Tumesikia unatuletea ya pili; ukiileta, wale wengine wataichukua iwe yao, na hatutapatana tena."

Bwana akashangaa. "Mbona kila nikija mnaimba?"

"Mgeni rasmi anaimbiwa, baba. Mfiwa ndiye tunayezungumza naye."

Siku ile hakutangaza kitu. Alirudi kijijini mara kwa mara, akaketi na pande zote mbili, wakagombana na kunyamaza na kuanza upya, hadi mashine ikahamishiwa kwenye kiwanja cha wote. Mashine ya pili haikuhitajika.

Sasa sisi je? Tunachanga, tunanunua, tunapeleka. Ni nani kati yetu anayemjua kwa jina mtu mmoja kati ya wale tunaowapa? Na ni nani amewahi kukubali kufarijiwa naye? Tunataka watufungulie mioyo yao huku yetu tumeifunga, kisha tunarudi nyumbani na kulalamika kwamba tuko wapweke.

Jumamosi tunapeleka mchango wetu kule bondeni. Msishushe mizigo na kuondoka. Kaeni chini. Na ukiulizwa habari za nyumbani, usiseme nzuri kama si nzuri.