Mboga Tu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza. Mwishoni nina swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Palikuwa na Nanjala, mwimbaji wa kwaya kutoka Bungoma, Kenya. Kipaji chake kilikuwa sauti. Akianzisha wimbo, hata wanaogombana nje ya kanisa hunyamaza kwanza. Wenyeji wake walikuwa watu wa Singida, Tanzania. Baba wa nyumba, Mughenyi, alijua mifugo: alimtazama mbuzi kwa mbali akakwambia ana mimba au ana njaa. Mkewe, Mama Yusta, alikuwa na mkono wa kuku. Yai alilolichagua yeye lilikuwa halikosi kifaranga. Na Bibi, mama yake Mughenyi, alijua kusukasuka maziwa kwenye kibuyu akatoa samli inayonukia mpaka barabarani.

Mwaka ule mvua iliwapa watu kisogo. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Katika ukame huo huo ndipo kwaya ya Nanjala ilipoalikwa kuimba Jumapili katika kanisa la kijiji, na kila mwimbaji akagawiwa nyumba ya kulala. Nanjala akaangukia kwa Mughenyi, Jumamosi mchana.

"Shikamoo, Nyanya," akamwamkia Bibi, kama wanavyosema kwao.

"Marahaba. Lakini nyanya ni ya kwenye mchuzi, mjukuu wangu. Mimi hata ukinipika kutwa nzima siivi."

Wakacheka mpaka machozi. Laiti wangepunguza kicheko wakafikiri kidogo, hadithi hii ingeishia hapo nami ningekwenda kulala.

Nanjala alikuwa na macho. Aliliona ghala tupu, akaliona na zizi lenye beberu mmoja. Akaingiwa na huruma.

"Mama, msijisumbue kwa ajili yangu," akamwambia Mama Yusta. "Mimi nipikieni mboga tu."

Mama Yusta akasita. "Unapenda mboga gani?"

"Yoyote. Hiyo hiyo mliyo nayo hapa nyumbani."

Sasa sikilizeni vizuri. Kwao Nanjala, mboga ni majani: sukuma, kunde, mchicha, basi. Kwa Mama Yusta, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, na nyama ndiyo mboga yenyewe. Mgeni asiyetaka ugali, anayetaka mboga tu, tena ya hapo hapo nyumbani, huyo ametazama zizini akachagua. Jikoni kulikuwa na sufuria ya mlenda, majani ya porini yanayoteleza, chakula chao cha kila siku. Mama Yusta aliifunika akaisukuma uvunguni. Hakuuliza tena, kwa sababu mgeni akiulizwa mara mbili hujiona anahesabiwa matonge.

Mughenyi aliposikia mgeni kataka nini, alikwenda zizini. Yeye na kaka yake, Ntandu, walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie mpaka wa shamba. Wazee walikuwa wamewasuluhisha kwa taabu: Jumapili, baada ya ibada, wangemla beberu yule pamoja, na ugomvi ungekwisha. Mughenyi alimshika yule beberu pembe, akasimama naye kitambo.

"Kaka yangu yupo tu," akamwambia mbuzi. "Mgeni anaondoka kesho." Akanoa kisu.

Mama Yusta hakuwa na habari za zizini. Yeye alikwenda nyuma ya mlango, kwenye tenga. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umefagia kuku wake wote, akabaki tetea mmoja, naye alikuwa amelalia mayai. Mayai yale ndiyo yalikuwa banda zima la mwaka ujao. Mama Yusta akaingiza mkono chini ya mbawa, akalihisi lile joto. Akamtoa tetea.

Bibi yeye alinusa tu. Alikuta nyama mbili motoni, mwana na mkwewe wakitazamana kama wezi waliokutana dirisha moja, na hakuna hata tone la mafuta.

"Mgeni mtamlisha nyama ya maji?" akauliza.

Akaingia chumbani kwake, akatoka na kibuyu cha samli. Samli ile aliikusanya kijiko kwa kijiko kwa ajili ya Yusta, mjukuu wake, aliyekuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Ilikuwa ya kumtilia kwenye uji apate nguvu na maziwa. Bibi aliinamisha kibuyu mpaka kikatoa pumzi.

Basi jioni sinia likaja. Supu ya kuku ikang'aa kwa samli, mbuzi akaja amekaangwa, na harufu ikajaza nyumba. Ugali haukuletwa, naye Nanjala akaona haya kuuliza. Akawaza moyoni, "Kumbe hawa wana vyao! Mimi nawahurumia, wao wananionyesha uwezo." Akaona kukataa ni dharau. Akala, akajilamba vidole, akaongezewa, akaongezewa tena. Wenyeji walikuwa wakigusa kidogo kidogo, wakisema wameshiba. Aliwaamini, na alilala usingizi mnono.

Asubuhi alikwenda jikoni kushukuru. Aliwakuta watatu wote wameinamia sufuria, wanamega ugali wa jana kwa mlenda uliopoa. Mama Yusta alikuwa amejifunga kanga tumboni, na ndani ya kanga mlikuwa na mayai, akijaribu kuyapa joto lake mwenyewe.

"Mama, mnakula nini?"

"Mlenda tu, mwanangu. Usitazame."

"Si hii ndiyo mboga niliyoomba jana!"

Bibi aliacha tonge hewani. "Haya ni majani," akasema polepole. "Mboga ni ile uliyokula."

Neno likatoka, na yote yakafuata: tetea, beberu, kibuyu. Nanjala akakaa chini pale pale kwenye majivu. Chakula cha jana kilikuwa bado kimemjaa tumboni, na aliona aibu kuwa ameshiba. Alikumbuka alivyoongezewa mara ya pili. Alikumbuka alivyowadhania majivuno. Akalia kwa sauti.

"Usimwambie mtu," Mama Yusta akamsihi. "Kijiji kizima kitatucheka, kwamba tumemaliza nyumba kwa kutoelewa neno moja."

Sasa, kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya kuaga, kila mwimbaji humfunika blanketi, mbele ya kanisa zima, mtu aliyemlisha. Mtu mmoja, blanketi moja, na Singida mwezi wa saba upepo wake unakata. Anayefunikwa hushangiliwa, na jina lake huimbwa huko Bungoma mwaka mzima.

Njiani kwenda kanisani, Mughenyi alimsogelea Nanjala. "Mfunike mke wangu. Kuku alikuwa wake peke yake."

Mama Yusta naye akamvuta kanga. "Mpe mume wangu. Leo atasimama mbele ya kaka yake mikono mitupu."

Bibi hakunong'ona. "Usinipe mimi," akasema. "Ukinipa nitampelekea mtoto wa Yusta, halafu watu waseme nimeikataa zawadi ya mgeni."

Nyimbo zikaisha. Mchungaji akaita, "Nanjala! Nani alikulisha?"

Nanjala akasimama, blanketi mikononi. Watatu wale walikuwa kwenye benchi moja, kila mmoja ameinamisha uso ili asichaguliwe. Benchi la pili alikaa Ntandu, na koti lake la sikukuu, amekuja kula mbuzi wa kupatana. Akimfunika Mughenyi, huenda kaka mtu akaelewa mbuzi kaenda kwa heshima, au akaona mgeni kathaminiwa kuliko ndugu. Akimfunika Mama Yusta, ambaye hata sasa alikuwa ameshika tumbo asivunje mayai, beberu na samli vitakuwa vimesahauliwa. Akimfunika Bibi, atakuwa amemlipa yule ambaye hata hajazaliwa. Na akisema ukweli wote, atajipunguzia yeye mzigo, na kuwatwisha wao kicheko cha kijiji.

"Nani alikulisha?" Mchungaji akarudia.

Nanjala akalikunjua blanketi, akapiga hatua moja kuelekea benchi lao.

Haya, nyinyi mliosikiliza kwa raha zenu na matumbo yenu yameshiba: yule pale bado amesimama, na watu wanamngoja. Je, mngemwambia amfunike nani?