Mgonjwa wa Kwanza wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Hao walioitika ni wazazi. Wahitimu mbona siwasikii? Majoho yamewabana koo? Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimewasikia. Watoto, sogeeni mbele. Mama mwenye kichanga, njoo kivulini. Na nyinyi matabibu wapya, kaeni vizuri, kwa maana ngano hii nimewaletea nyinyi, ingawa kila mwenye sikio anaruhusiwa kuokota.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, palikuwa na ziwa lililolala ndani ya ukungu. Asubuhi ukungu. Adhuhuri ukungu. Ukipita pale hujui kama unatembea au unaota. Maji meupe, mbingu nyeupe, na katikati yake ndege heroe wamesimama kwa mguu mmoja, wekundu wekundu, kama maua yaliyochanua juu ya maji.

Kando ya ziwa hilo palikuwa na chuo cha utabibu. Mwalimu wake alikuwa Bi Heroe, shingo ndefu, sauti ndogo. Na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo wa majabalini, mnene kama mkate, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Huyo huyo. Alisoma. Akasoma. Akasoma mpaka akawa anataja majina ya mifupa akiwa usingizini.

Siku ya kuhitimu ikafika. Bi Heroe akachovya bawa ziwani, akamdondoshea kila mhitimu maji kwenye paji la uso. Tii! Tii! Tii! Ngoma zikalia. Mama yake Pimbi alipiga vigelegele mpaka akateleza kwenye jiwe alilopanda, puu! Akainuka, akaendelea kupiga.

"Hongereni, wanangu," akasema Bi Heroe. "Mmesoma kope zikiwa nzito. Mmeosha vidonda ambavyo wengine walivikimbia. Sasa nendeni. Atakayewaita, mwitikieni."

Pimbi akaenda. Akashuka bonde, akapanda kilima, akafika kwenye majabali ya kwao. Akafagia pango dogo, fya, fya, fya. Akaanika majani ya mvumbasi. Akapanga magome machungu. Akakaa mlangoni, moyo wake mwepesi kama unyoya. Akawaza: atakuja nani? Nitamponya nani kwanza?

Akaja Tohe.

Tohe ni yule swala wa kwenye matete, mpole, anayependa majimaji. Huyu alikuwa baba wa nyumba, na alikuja akimwegemea mkewe, mtoto wao wamemwacha nyumbani. Kifua chake kilikuwa kinalia. Khrr, khrr. Khrr, khrr.

"Shikamoo, Baba Tohe," akasema Pimbi. "Kikohozi hiki kimeanza lini?"

"Marahaba, tabibu. Ah, ni vumbi tu," akajibu Tohe.

"Si vumbi," akasema Bi Tohe. "Tangu mvua za kwanza anasema ni vumbi. Mvua zimekwisha, vumbi lake halijaisha!"

Pimbi akaweka sikio kifuani. Akasikia maji mahali ambapo panatakiwa upepo. Akajua kwamba Tohe amechelewa. Lakini hakukunja mikono. Akamkalisha wima ili apate pumzi. Akachemsha mvumbasi, akamfukiza. Akamnywesha maji ya magome machungu. Na alipokuwa akimfuta jasho, akamwimbia taratibu, kama walivyofundishwa ziwani:

*Pumua, ndugu yangu, pumua,*
*ukungu unapanda, pumua.*
*Mimi nipo, nimekushika,*
*pumua tena, pumua.*

Tohe akapumua. Khrr. Akapumua tena. Jua likapanda. Pimbi hakula, hakunywa, hakuondoka.

Ilipofika adhuhuri Tohe akafumbua macho, akatabasamu.

"Nasikia matete," akasema. "Mke wangu, unayasikia? Yanavuma. Maji yamejaa mpaka kwenye magoti."

Pale majabalini hapakuwa na matete. Palikuwa na mawe na jua. Lakini Bi Tohe akasema, "Nayasikia, baba. Ingia taratibu."

Pimbi akamshika kwato. Na Tohe akaingia kwenye matete yake, taratibu, taratibu, kifua kikanyamaza.

Bi Tohe akalia. Pimbi akangoja mpaka kilio kikapungua, kisha akamwambia kwa upole, si kwa kumlaumu: "Mama, kuna mtoto nyumbani. Ukisikia kifua chake kinalia hivi, usingoje hata jioni. Njoo naye mbio."

Akamsindikiza mpaka bondeni. Aliporudi, akaingia kwenye ufa wa jabali, ndani kabisa, akajikunja.

Juu ya jiwe akatua Kunguru. Mnajua Kunguru hashibi kabla hajapeleka habari.

"Kwaa! Tabibu mpya, mgonjwa wa kwanza kamzika! Kwaa!"

Pimbi akaziba masikio. Haikusaidia, kwa maana sauti nyingine ilikuwa ndani yake, nayo ilisema yale yale. Wakaja wagonjwa, wakabisha hodi. Hodi! Kimya. Hodi, tabibu! Kimya. Ngiri mwenye jino bovu akangoja, akaguna, akaondoka.

Ndani ya ufa Pimbi alikuwa anawaza. Nilipigiwa ngoma za nini? Mama yangu alianguka kwenye jiwe kwa furaha gani? Baba wa watu ameniamini, na mimi nimempa wimbo.

Kukapambazuka. Pimbi akatoka na uamuzi wake. Nitarudi ziwani. Nitamwambia Bi Heroe, nisamehe mwalimu, kazi hii imenishinda. Nitakwenda kula majani na kuota jua kama pimbi wengine.

Akaenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka bondeni. Haoni mbele, haoni nyuma. Miguu yake inatembea na yeye haisikii. Miti inakuja, inapita, kama watu wa ndotoni wasiosalimu. Mara akasikia kwato. Ko, ko, ko. Ko, ko, ko. Zinakimbia. Na nyuma ya kwato hizo, sauti nyembamba. Khrr, khrr.

Pimbi akasimama. Manyoya yakamsimama. Akadhani ni Baba Tohe anamfuata.

Ukungu ukapasuka, akatokea Bi Tohe. Mgongoni kwake amelala mtoto wake, shingo imelegea, pua imekauka.

"Tabibu! Afadhali nimekukuta! Unakwenda wapi?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Nakwenda kuirudisha kazi, mama. Mpeleke mtoto kwa mwingine. Mumeo alinifia mikononi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi kwa nini unakuja kwangu?"

"Kwa sababu nilikuwepo!" akasema Bi Tohe, na machozi yakamtoka. "Nilikuona ukikaa naye na njaa yako. Ulimshika hadi mwisho, na mimi ukanisindikiza. Uliniambia nikisikia kifua kinalia nisingoje. Nimesikia alfajiri, sikungoja. Nimekimbia. Sasa unataka niende wapi, Pimbi? Niende wapi?"

Mtoto akakohoa. Khrr.

 Pimbi aliogopa, tena sana. Lakini mtoto alikuwa mbele yake, na kifua kile kilikuwa kinamwita. Akaweka sikio. Akasikiliza huku. Akasikiliza kule. Akasikia maji, ndiyo, lakini maji machache. Na pembeni, upepo bado unaingia.

"Mlete," akasema. "Twende."

Wakarudi mbio majabalini. Pimbi akawasha moto. Akachemsha mvumbasi, mvuke ukajaa pangoni, ukawa kama ukungu wa ziwani. Akamkalisha mtoto wima kifuani kwa mama yake. Akaleta maji ya magome.

"Chungu!" mtoto akatema. Tfuu! Yakamwingia Pimbi puani.

"Najua ni chungu," akasema Pimbi, akipiga chafya. "Siku ya kwanza chuoni mimi niliyatema kwenye mguu wa mwalimu."

"Wa heroe?"

"Wa heroe. Tena ule mmoja aliosimamia."

Mtoto akacheka, na alipofungua kinywa kucheka, magome yakaingia. Glu! Pimbi akamwimbia, sauti ikikatikakatika:

*Pumua, mwanangu, pumua,*
*ukungu unapanda, pumua.*

Mtoto akapumua. Wakangoja. Mchana ukapita, homa ikapanda, Pimbi akafuta jasho la mtoto na lake mwenyewe. Khrr, ikawa khr. Khr, ikawa hh. Jua lilipoanza kulainika, mtoto akalowa jasho jembamba, mwili ukapoa. Akafumbua jicho moja.

"Mama, nina njaa."

 Bi Tohe aliweka kichwa chake juu ya kichwa kidogo cha Pimbi, wakakaa hivyo.

Pimbi hakumsahau Baba Tohe. Wala hakujaribu. Kila alipoweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa alimkumbuka, na kwa kumkumbuka alisikiliza zaidi. Akawa anapita kwenye matete na mapango, akiwaambia wanyama wasingoje vumbi liishe. Wengi walipona. Wengine hawakupona, nao aliwashika mpaka mwisho. Lakini tusiipite jioni ile: mtoto wa Tohe alipokuwa anakula majani, kwacha, kwacha, Pimbi alichungulia mlangoni, akamwona Ngiri amerudi, ameshika shavu, amenuna.

"Kumbe upo!" akasema Ngiri.

"Nipo," akasema Pimbi. "Fungua kinywa."

Mafunzo yake ni haya, wahitimu wangu. Tabibu hapongezwi kwa kuwa atawaponya wote, maana hatawaponya wote. Anapongezwa kwa kuwa ameitwa akaitika, na kesho akiwa na majonzi ataitika tena. Hongereni sana. Ogopeni, ni haki yenu, lakini msifunge mlango.

Hadithi yangu imefika ukingoni, hapo ndipo ilipoishia. Mimi nimeitua, anayeitaka aibebe.