Viatu vya Mzee Gaudenz

Wahenga waliposema kutangulia si kufika, walimwonya kila mwenye mbio asiyetazama nyuma. Riet hakuwa amezaliwa bado, lakini ni kama walimjua. Alikuwa mwanamume mwenye miguu ya mbuzi wa milimani na subira ya maziwa yaliyo motoni.

Nyumba ya juu, ile ya mawe iliyo karibu na barafu, ilitunzwa na marehemu baba yake, na humo ndimo Riet alimojifunzia kutembea. Sasa chama cha wapanda milima kilitafuta mtunzaji mpya. Walioomba walibaki wawili: yeye na Ladina, binti wa mchunga ng'ombe. Mzee Gaudenz, mwenye kauli ya mwisho, aliwataka watembee naye njia nzima hadi nyumba hiyo, siku hadi siku, wakilala katika nyumba za njiani.

"Funguo ninazo mimi," aliwaambia. "Nitazitoa mlangoni." Hakuongeza neno. Riet akaamua moyoni kwamba anayetafutwa ni mwenye mbio.

Siku ya mwisho aliamka wenzake wakikoroma bado. Katika nyumba hizo viatu huachwa chumba cha mlangoni, na ndani watu huvaa ndara. Tena bonde zima lilishonewa viatu na fundi mmoja: ngozi ya kahawia, kamba nyekundu. Riet alipapasa gizani pale alipoviweka vyake, akakuta viatu vikavu vilivyojazwa magazeti ili kunyonya maji. Yeye jana, kwa uvivu, hakujaza kitu.

"Mungu ambariki aliyenifanyia wema," alisema, akayatupa magazeti, akatoka.

Jua lilipochomoza alikuwa ameyapita malisho, kengele za ng'ombe zikisikika chini yake. Alipoanza kupanda penye mawe, visigino vikaanza kucheza ndani ya viatu. Alikaza kamba, vikacheza tena. Akaketi, akavua kimoja, akachungulia ndani: palichomwa herufi G. Vilikuwa vya Mzee Gaudenz.

Angeweza kurudi. Alitazama chini, kisha juu. "Nikirudi, Ladina atanipita," alijiambia. "Mzee atavaa vyangu. Mguu ni mguu." Alijua anajidanganya, maana miguu ya Mzee Gaudenz ilikuwa kama majembe.

Alifika kabla ya adhuhuri, malengelenge yamepasuka na soksi zimelowa damu. Mlango wa baba yake ulikuwa umefungwa. Aliketi kizingitini, akatafuna nyama kavu na kusubiri. Mawingu yalishuka, upepo wa barafu ukamtafuna yeye. Alasiri ilipoingia bila mtu kutokea, hofu ilimshika, si ya kukosa kazi tena. Mzee alikuwa huko kwenye mawe na viatu vinavyombana, na aliyemvisha ni yeye. Alijaribu kusimama ashuke kuwatafuta, miguu ikakataa.

Hatimaye alisikia sauti. Ladina alitangulia na mikoba miwili. Mzee alifuata akijikongoja na fimbo, vidole vikichungulia kwenye viatu vilivyokatwa ncha kwa kisu.

"Hujambo, mwizi!" Mzee alisema.

"Shikamoo, Mzee. Nilikosea gizani. Nilipogundua..."

"Ulipogundua ulikuwa wapi?"

"Pale mawe yanapoanza."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea." Riet aliinamisha kichwa.

"Viatu vyako vililowa chapachapa, kaka," Ladina alisema akihema. "Tumevikausha jikoni asubuhi nzima, halafu nikavikata. Usije ukanidai!"

"Kwa hiyo yale magazeti..."

"Nilimtilia Mzee. Vyako nikavisogeza dirishani vipate hewa, vyake nikaviweka pale vilipokuwa vyako. Ningejuaje kwamba utaamka bila macho?"

Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka. "Riet, kazi ya kwanza ya mtunzaji kila asubuhi ni kuona kila mgeni ametoka na viatu vyake. Wewe umemwacha mgeni bila viatu, na ukajua. Ladina, funguo zimo ndani ya huo mkoba wangu uliobeba. Fungua, tunaganda."

Mlango ulilia vilevile ulivyokuwa ukilia enzi za baba yake. Riet alihisi machozi na hakuyaficha. Alivua viatu vya watu, akaingia wa mwisho, peku.

"Ndara za wageni ziko rafu ya kulia," Ladina alimwelekeza kwa upole.

Riet alikuwa anajua. Rafu ile aliigongelea misumari baba yake. Alichukua ndara za wageni, akavaa. Kweli, kutangulia si kufika.