Watoto Waliokataa Kuchuchumaa

Kabla sijafungua Neno, niazimeni masikio kidogo. Nyie mliokaa karibu na mlango mvumilie baridi, sitachukua muda. Kucheka ruksa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la pili, kwenye shule ya milimani, kule ambako watoto wanavaa sweta karibu mwaka mzima. Alikuwa mgeni pale, hajamaliza hata mwaka, na alifundisha Kiingereza. Sasa umwambie mtoto wa miaka minane ni wapi Mwingereza anaweka herufi kubwa na ni wapi haweki! Mwalimu aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Watoto wakaitikia kwa sauti tamu, "Ndiyo, mwalimu," kisha wakaweka herufi kubwa katikati ya neno, mwisho wa neno, popote mkono ulipopenda.

Siku moja akapata akili. Akakata maboksi ya biskuti, akaandika neno moja moja kwa mkaa, akayatia kikapuni. Kila asubuhi watoto wakawa wanachomoa bila kuangalia. Aliyepata neno linaloanza na herufi kubwa, jina la mtu, jina la mji, siku ya wiki, alisimama wima mbele ya darasa. Aliyepata neno la herufi ndogo alichuchumaa. Wakishajipanga, wenzao wanaisoma sentensi. Na Waingereza wana neno lao la "mimi", herufi moja tu, na hiyo moja inaandikwa kubwa popote ilipo, mwanzo, katikati, mwisho. Msinitazame hivyo. Wapo humu ndani watu wa namna hiyo, na mchungaji wenu yumo.

Wiki ya tatu, watoto ambao walikuwa hawajui kitu wakaanza kusahihishana wenyewe. Mwalimu akawa anawahi shuleni kabla ya mwenye ufunguo. Alilipenda lile darasa, jamani. Alilipenda sana.

Shida ikatoka majumbani. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa na binti darasani mle. Binti akachomoa neno dogo Jumatatu, akachomoa dogo Jumanne, na Jumatano vilevile. Jioni baba akamuuliza, "Leo umejifunza nini, mama?" Mtoto akajibu, "Nimechuchumaa."

Asubuhi baba yuko mlangoni pa darasa, amevaa koti.

"Mwalimu, mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, mzee. Ni mchezo tu, wanachomoa wenyewe."

"Siku tatu mwanangu yuko chini, na mtoto wa fundi viatu amesimama juu ya kichwa chake. Mchezo gani huo?"

Maneno hayana miguu lakini yanatembea. Wazazi wengine nao wakaanza kuwafunda watoto wao: ukichomoa dogo, lirudishe kikapuni. Watoto wakawa wanagombana, wengine wanalia. Mwalimu mkuu akamwita mwalimu, akamwambia wazi, "Ijumaa ni siku ya wazazi. Watoto wakisoma mbele yao, endelea na maboksi yako. Wasiposoma, darasa nampa mwingine, wewe utakwenda kupanga vitabu stoo."

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Yeye alifanya tunalofanya wengi wetu tukitaka kumridhisha kila mtu. Akayatoa maneno madogo yote kikapuni, akayafungia kabatini. Akakata maboksi mengine, akaandika majina tu: majina ya watu, ya miji, ya miezi. Kila mtoto asimame, kila mzazi afurahi. Darasa likatulia. Ila moyoni alijua amefanya kosa, na usingizi haukumjia vizuri.

Ijumaa ikafika. Wazazi wamejaa kwenye mabenchi, mwalimu mkuu mbele, mwenyekiti kando yake. Watoto sita wakaenda mbele wakasimama wima kama askari, kadi zao vifuani. Kila mmoja akasoma yake: Monday. Atupele. July. Tukuyu. Mbeya. I. Wazazi wakapiga makofi. Mwenyekiti akapiga ya nguvu zaidi, maana binti yake alikuwa amesimama.

Basi, pale benchi la mbele palikuwa na bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Kiingereza hakijui, lakini mazungumzo anayajua. Akauliza, "Haya, huyo Atupele tumemsikia, na miji tumeisikia. Amefanya nini?"

Watoto wakarudia majina yale yale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

"Amesafiri? Amerudi? Anaumwa? Mbona mnatutajia tu?"

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka, alitoa daftari lake mfukoni. Mwalimu akaenda kabatini, akarudi na kadi mbili ndogo, ile ya goes, yaani huenda, na ile ya to, inayosema anaelekea wapi. Akasema, "Naomba watoto wawili wa kuchuchumaa."

Hakutoka mtu. Watoto waliwaangalia wazazi wao, wazazi wakaangalia dirishani. Mwalimu amesimama na vipande viwili vya boksi mkononi, anaona darasa lake linakwenda, na hana la kufanya.

Mara benchi likalia. Mwenyekiti ameinuka. Mwalimu akadhani anakuja kufunga kikao.

"Nipe hiyo," mzee akasema.

"Ipi, mzee?"

"Yoyote. Bibi ameuliza swali la haki. Jibu nililificha mimi."

Akachukua ile ya goes, akamgeukia binti yake. "Nikae wapi, mama?"

Mtoto hakuamini. Akamshika baba mkono wa koti, akamwongoza mpaka katikati ya Atupele na Tukuyu. Na yule mtu mzima, mwenyekiti wa kamati, akachuchumaa. Magoti yakalia mpaka nyuma wakasikia. Koti likaburuza vumbi la chaki. Binti akamtazama baba yake pale chini, akaitupa kadi yake ya July, akachukua ile ya to mkononi mwa mwalimu, akachuchumaa bega kwa bega na baba. Monday, Mbeya na I wakasogea pembeni bila kuambiwa. Darasa zima likasoma kwa sauti moja, likaeleza na maana yake kwa Kiswahili.

"Kumbe huenda Tukuyu," bibi akasema. "Sasa nimeelewa."

Mwalimu mkuu akarudisha daftari mfukoni. Mwalimu aligeukia ubao, akajifanya anafuta kitu, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka. Darasa lilibaki lake. Jumatatu iliyofuata watoto waligombea kadi za kuchuchumaa, akalazimika kuwatuliza upya.

Wapendwa, hatujakosa majina sisi. Majina tunayo mengi! Msiba wa mwezi uliopita, waliotaka kutoa salamu za rambirambi walikuwa kumi na wanne, niliwahesabu. Masufuria yalioshwa na wanawake wawili mpaka giza likaingia. Mtu akipita nje akatuangalia, hatauliza nani amesimama. Atauliza kama yule bibi: hawa watu wamefanya nini? Tutamjibu nini? Tutamtajia vyeo? Bwana wetu mwenyewe alichuchumaa akaosha miguu ya watu, na hakuna aliyemlazimisha.

Wala sisemi haya kwa kukata tamaa. Nimeyasema kwa sababu nimeona mtu mzima anaweza kubadilika mbele ya watu wote, na mtoto wake akamfuata saa ile ile. Mtoto wako anakuangalia leo.

Jumapili ijayo askofu anakuja. Orodha ya watakaosimama mbele kumpokea ilijaa tangu Jumanne, na kuna watu wamejiandika mara mbili. Orodha ya kubeba viti, kuteka maji na kusafisha vyoo iko hapa mezani. Mpaka asubuhi hii ilikuwa nyeupe. Sasa ina jina moja, ni langu. Kalamu nimeiacha pale pale.