Honi Tatu, Jina Moja

Ukiwa na zawadi moja tu, isiyokatika vipande, na mbele yako wamesimama watu watatu wanaoistahili, utaiweka mkononi mwa nani? Usijibu haraka. Kabula naye alidhani ni rahisi.

Wajue kwanza hao watatu.

Lwitiko alijaliwa kumbukumbu ya njia. Barabara aliyoipita mara moja, hata ya vumbi, aliikumbuka kila tuta na kila kalavati. Mkewe, Nsia, alijaliwa sikio la mashine: aliiwekea kiganja, akasikiliza, akakwambia inaumwa wapi. Na Minza, muuguzi, alijaliwa kifua chenye subira. Digrii anayo, leseni anayo, GPA ya kutamba anayo. Ajira ndiyo hana. Mwaka wa tatu huo alikuwa akijitolea wodi ya watoto njiti, hospitali moja ya wilaya, kwa mshahara wa "Mungu atakulipa."

Lwitiko na Nsia walikuwa mafundi wa mashine za hospitali. Kampuni yao ya Dar iliwakatia tiketi za ndege kila ilipowatuma mbali, nao kila mara walizirudisha, wakawasha Land Cruiser yao kuukuu.

"Ninyi ni mafundi au madereva wa mizigo?" bosi aliwauliza. "Kigoma by air ni saa chache tu, come on!"

"Bosi," Nsia akajibu, "ndege inapita juu ya wagonjwa. Sisi tunapita mlangoni kwao."

Ndivyo walivyokuwa. Kila walipofika kwenye hospitali, hata isiyo mteja wao, Lwitiko alipiga honi tatu, wakaingia kuzijulia hali mashine. Watu waliwaona wamerukwa na akili. Ukweli ni kwamba ndoa yao ilijengwa mle garini, kwa karanga na ubishi wa njia.

Sasa Kabula. Mwezi Machi alijifungua kwa upasuaji, hospitalini kwa Minza, siku hazijatimia: mtoto wa kike, kilo moja na robo. Mama mwenyewe akakaa siku nzima hajitambui. Mashine ya joto ilikuwepo, ndiyo, imefunikwa shuka na kubandikwa karatasi: MBOVU. Tangu Novemba! Wakubwa waliandikiwa, wakubwa wakajibu mchakato unaendelea. Mchakato. Neno tamu sana, ukilisema ukiwa ofisini.

Minza akafungua vifungo vya gauni lake, akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga khanga juu yake. Zamu ikaisha, hakuondoka. Kwa saa kumi na tisa hakulala, chakula alilishwa. Mtoto alisahau kupumua, tena na tena, na kila mara Minza alimkuna unyayo: "Pumua, bibi wewe. Usinitie aibu mbele za watu." Lakini asubuhi malaria ikampanda. Akaanza kutetemeka, na kifua kingine hakikuwepo: mume wa Kabula yuko machimboni, nesi wa zamu ana wodi mbili peke yake.

Asubuhi hiyohiyo Lwitiko na Nsia walikuwa wakielekea Kigoma. Mvua ilikuwa imebeba daraja. Madereva wengine wote waligeuza magari. Lwitiko akazima la kwake, akafumba macho.

"Kuna njia ya wachoma mkaa. Niliipita mwaka ule wa msiba wa baba."

"Ile uliyokwama?"

"Nilikwama, ndiyo maana naikumbuka."

Saa tatu za tope, wakatokea kwenye mji ambao haukuwamo kabisa katika safari yao, mbele ya hospitali wasiyoijua. Lwitiko akapiga honi tatu.

"Nani anapiga honi hospitalini?" sauti ya Minza ikatoka dirishani, meno yakigongana. "Hamna adabu?"

"Mafundi wa mashine, dada!"

"Sasa mnangoja nini huko nje? Ingieni!"

Nsia akaifunua mashine, akaweka kiganja. "Hii haijafa. Kipasha joto kimeungua, basi." Kipuri alikuwa nacho kimoja tu, na mfuko umeandikwa jina la mteja wa Kigoma. Akauchana bila kumpigia bosi simu. Nusu saa baadaye mashine ikawaka, mtoto akahamishwa kutoka kifuani, na hapo ndipo Minza akaanguka sakafuni. Bosi alimwandikia Nsia barua ya onyo. Nsia akaifungia karanga.

Siku arobaini zikapita. Mtoto ana kilo mbili na ushei, Minza amepona. Kwao Kabula, jina hutolewa na mama mbele ya watu, mara moja, wala haliunganishwi na jingine. Kabula akawaalika mafundi, akangoja getini hadi aliposikia honi tatu.

"Shikamooni," alisema. "Leo nataka mwanangu abebe jina la aliyemwokoa."

"Mpe mke wangu," Lwitiko akasema. "Mimi nilishika usukani tu."

"Usukani tu!" Nsia akamkatiza. "Bila njia yako kipuri kingekuwa kabatini Kigoma. Na bila huyu binti tungemkuta nani wa kupashwa joto?"

"Mimi nitoeni," Minza akadakia. "Kifua changu kilikuwa kimeshindwa. Halafu aitwe Minza arithi kukosa ajira? Hapana, jamani!"

Wakacheka mpaka Kabula akashika mshono wake. Kisha machozi yakamtoka, ya shukrani tupu: viatu vya tope vya mmoja, vidole vyenye grisi vya mwingine, khanga iliyochakaa ya wa tatu. Angemtoa yupi kati ya hao, na bado mtoto angebaki hai?

Karani wa vizazi akainua kalamu. "Jina?"

Je, wewe unayesikiliza, ungeandikisha jina la nani?

Na ninyi wenye mchakato, ninyi hamkuulizwa swali lolote, ninyi mnaambiwa. Kabula ana jina moja tu la kutoa. Ninyi mna kalamu na nafasi zilizo wazi. Mpeni Minza barua yake ya ajira, wiki hii. Na mashine ikiharibika, tumeni fundi siku ileile. Msingoje honi.