Rejeta Ndogo na Ndama wa Bibi Tusekile

Sogeeni, na aliyeshiba sana asisinzie, maana mwishoni nitazihitaji akili zenu. Kisa hiki si cha kale. Kina gari ndani yake, kina tela, kina ng'ombe mwenye mimba, na huko kwao Tukuyu bado wanabishana.

Walikuwa watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mzee Anyosisye alikuwa na mguu. Akikanyaga mafuta, gari lilipanda milima ya Rungwe bila kunung'unika, na chai iliyo kwenye kikombe haikumwagika.

Gwakisa, mtoto wa mdogo wake Mzee, alikuwa na sikio. Ukiingia gereji kwake alikuwa ameshajua gari linaumwa wapi kabla hujazima injini.

Subilaga, mke wa mtoto wa Mzee, alikuwa na pua. Alinusa maziwa yatakayochacha kesho na mvua iliyojificha nyuma ya mlima. Lakini mdomo wake ulifungwa na desturi. Kwao mkamwana hamsemeshi baba mkwe, hamtazami usoni, hata jina lake halitaji. Koo nyingine zimeshalegeza. Ukoo wa Mzee Anyosisye haukulegeza hata uzi mmoja.

Sasa, Bibi Tusekile, mke wa Mzee, alikuwa amekaa miaka mingi akitazama zizi tupu, tangu maradhi yalipowamaliza ng'ombe wao. Hatimaye akapata mtamba wa maziwa, mwenye mimba, huko Mafinga. Mwenyewe miguu ilikuwa imevimba, hawezi safari. Akawaita wote watatu.

"Nileteeni mnyama wangu," akasema. "Atakayemfikisha hapa zizini, ndama wa kwanza ni wake. Nimesema mbele ya Mungu."

Mioyo mitatu ikaruka. Gwakisa alikuwa na mchumba, na wakwe hawakutaka kusikia habari ya posa isiyo na ng'ombe. Mzee aliona haya kuwa na zizi lisilo na hata mkia mmoja ulio wake. Na Subilaga, tangu aolewe, katika boma lile hakuwa na kitu cha kuita changu ila khanga zake na mwanawe Lugano, aliyekuwa bado mgongoni. Aliota ndama yule usiku kucha.

Gwakisa ndiye aliyeanza kazi. Akalizunguka gari la Mzee, akainama, akatikisa kichwa.

"Baba mkubwa, hili ni otomatiki. Giaboksi yake inaishi kwa oili. Ukivuta tela lenye ng'ombe mlimani, oili itachemka, ikichemka itaungua, na giaboksi itakufa njiani. Tuliongezee rejeta ndogo ya kuipoza."

"Iweke. Kesho naondoka."

"Rejeta ninayo. Mpira wa kupitisha oili ya moto ndio sina. Niachie siku moja niufuate Mbeya."

"Gwakisa, nimesema kesho naondoka."

Angeweza kukataa. Fundi akikataa kufunga kitu, nani atamlazimisha? Lakini alimwona ndama akimpita, akaifunga rejeta kwa mpira wa maji, ule wa kawaida. "Mkirudi na mzigo," akasema, "mkifika Igawa simameni mchungulie chini." Mzee akaitikia kama mtu anayefukuza nzi.

Gwakisa akabaki gereji, wale wawili wakaenda salama. Mzee mbele peke yake, Subilaga, wa kumhudumia ng'ombe, kiti cha nyuma na mtoto, uso umegeukia dirishani. Huko Mafinga ng'ombe akapanda tela kwa upole, mweusi mwenye madoa meupe, macho makubwa. Subilaga alimpenda papo hapo.

Wakafika Igawa. Palikuwa na vivuli, maji, na mafundi. Mzee akatazama jua, akaona bado halijafika utosini, akapita. Maneno ya Gwakisa aliyaacha palepale kwenye vibanda vya mahindi ya kuchoma.

Hawajaenda mbali, pua ya Subilaga ikashtuka. Harufu tamu, ya kuungua, kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni. Oili! Akakohoa. Mzee akaendelea kuendesha. Akagonga kioo kwa pete. Mzee akadhani ni mtoto anacheza. Akampigia simu mumewe ampigie baba yake. Simu ikaita, ikakata. Mumewe alikuwa kazini.

Nanyi msiniambie, "Si angesema tu!" Kusema ni rahisi kwako wewe usiye na wakwe. Yeye aliona aibu. Akafikiri: labda harufu itaisha. Akafikiri: labda naye anainusa. Mashamba ya mpunga yalikuwa yanapita, hakuna mti, jua sasa limefika utosini, na nyuma ng'ombe ameanza kuhema ulimi nje. Walipokaribia Chimala ndipo akapata njia. Akamgeuza Lugano, akamtazama mtoto machoni, akasema kwa sauti:

"Mwanangu, mwambie babu yako kuna oili inaungua."

Gari likasimama papo hapo.

Kama angenyamaza hadi Chimala, oili yote ingekwisha na giaboksi ingekufa. Hilo Gwakisa mwenyewe alilikubali baadaye.

Mzee akalala chini ya gari kwenye lami ya moto. Mpira ulikuwa umelainika na kutoboka. Akaukata palipotoboka, akauunga upya, akaukaza kwa ukanda wa tyubu, mikono ikiungua, akajaza oili ya akiba. Kazi ile ilichukua mchana. Subilaga alivua khanga yake ya juu akamtandikia ng'ombe kivuli, akammwagia maji yote ya kunywa. Hayakutosha.

Kisha ikaja milima. Mlima Nyoka waliupanda, na baada ya Uyole ile miinuko inayoziba masikio, Mzee akikanyaga kama anayekanyaga mayai. Walipita magari yaliyozidiwa, mafundi miguu nje. Rejeta ndogo ilipoza oili mpaka juu kabisa. Bila ile rejeta wasingefika, na bila mguu ule vilevile.

Jioni ng'ombe aliingia zizini kwa Bibi Tusekile kwa miguu yake. Bibi akapiga vigelegele. Alfajiri mnyama akazaa kabla ya siku zake, ndama jike, mdogo, mzima. Mama mtu akamlamba mara moja, akalaza shingo, hakuinuka tena. Jua la barabarani lilikuwa limemmaliza.

Bibi Tusekile alilia kama aliyefiwa. Akanyamaza, akamfunga ndama kamba, akawaita watatu.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Mwenye ndama ajitokeze."

Jana yake wangekanyagana. Leo kila mmoja alitazama chini.

"Mpe mkamwana wako," akasema Gwakisa. "Mimi nilifunga mpira nikijua haufai."

Mzee akasafisha koo. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa. "Mpe Gwakisa aoe. Kijana aliomba siku moja tu, nikamnyima. Akaniambia nisimame Igawa, sikusimama."

Subilaga alikuwa kando, amejifunika, akimnywesha ndama maziwa yaliyotoka kwa jirani kwa chupa ya Lugano. Mzee hakumgeukia. Alimtazama mtoto. Tangu mwanamke yule aolewe, hii ndiyo mara ya kwanza neno la Mzee kumtafuta.

"Mjukuu wangu, muulize mama yako. Ile harufu aliisikia lini?"

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Pua ni yake.

"Mwanangu," akasema Subilaga, sauti ikikatika, "mwambie babu, tangu pale Igawa. Mwambie kuwa mama yako alimwona ng'ombe anateseka, na bado akaona haya."

Mzee alikaa chini kwenye nyasi. "Mwambie mama yako," akasema polepole, "haya hiyo mimi ndiye niliyemfundisha."

Ndama alimaliza chupa, akaendelea kunyonya vidole vya Subilaga.

Basi, kamba bado iko mkononi mwa Bibi Tusekile, na mkono umeanza kuchoka. Gwakisa aliweka rejeta, na mpira mbovu. Mzee aliunga na kuendesha, na alikataa kusimama. Subilaga aliokoa giaboksi kwa neno moja, na neno hilo lilichelewa. Ndama ni mmoja, na mama yake hayupo.

Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa Bibi, kamba hii ungempa nani?